Somo la Robo Hii: Bibi, Babu na Mjukuu Kwenye Maporomoko ya Sanje



Somo la robo hii limeandikwa ili lisomwe na kamati mbili zikiwa zimekaa pamoja, yaani ile ya mazingira na ile inayoshughulikia watoto wanaolelewa na bibi na babu zao. Katika sharika nyingi kamati hizi hazikutani. Moja inahesabu miche, nyingine inahesabu sare za shule na madaftari. Lakini ukienda kuwatembelea walengwa, unakuta mlango ni mmoja. Bibi yule yule tunayemwambia asilime karibu na chemchemi ndiye tunayemtaka amnunulie mjukuu viatu. Tumeona ni vema tulitazame jambo hili kupitia safari ya familia moja, babu, bibi na mjukuu wao wa darasa la tano, ambao tulifuatana nao kutoka kijijini kwao wilayani Kilolo hadi Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Majina yao hatuyaandiki, kwa heshima yao.

Kwa nini wazee waende

Kwa kawaida, ikitokea nafasi ya ziara ya mafunzo kwenye hifadhi, gari hujazwa wanafunzi na walimu wawili. Wazee hubaki nyumbani kuchunga mbuzi. Tunaelewa sababu zake: wazee huchoka, wanahitaji choo mara kwa mara, na mfadhili akiona picha ya watoto wanaotabasamu anafurahi. Hata hivyo tunadhani mpango huo una kasoro kubwa kwa mkoa kama wetu.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2007–08 ulionyesha kwamba mkoa wa Iringa, ambao wakati huo ulijumuisha Njombe, ulikuwa na kiwango cha maambukizi ya VVU cha asilimia 15.7 kwa watu wazima, cha juu kuliko mikoa yote ya Bara. Katika utafiti wa mwaka 2016–17, baada ya Njombe kuwa mkoa unaojitegemea, Iringa ilikuwa na asilimia 11.3. Dawa za kufubaza virusi zimebadilisha mambo mengi, na leo wazazi wengi wanaishi na kulea watoto wao wenyewe. Lakini kizazi kimoja katikati kilipungua sana, na wengine waliobaki wako kwenye mashamba ya chai na misitu ya mbao Mufindi, au Dar es Salaam wakitafuta maisha. Kwa hiyo mambo ambayo baba angemfundisha mwanawe akiwa na jembe mkononi, sasa yanatoka kwa babu kwenda kwa mjukuu moja kwa moja, au hayafiki kabisa.

Tena kuna jambo ambalo kila mmoja wetu analijua bila kusomea. Kati ya mjukuu na bibi yake kuna utani. Bibi humwita mjukuu wa kiume mume wake, na babu humwita mjukuu wa kike mke wake, na katika utani huo mtoto huuliza maswali ambayo hathubutu kumuuliza mwalimu wala baba. Mwongoza wageni hodari anaweza kutaja jina la ndege kwa lugha tatu. Hawezi kuulizwa, "Kwa nini kwetu chemchemi inakauka?"

Kufuata maji kwa gari

Udzungwa ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1992. Ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,990, nayo iko katika mikoa miwili, Iringa na Morogoro. Inaanzia kwenye mwinuko wa mita 250 hivi kule bonde la Kilombero hadi zaidi ya mita 2,500 kwenye vilele vya upande wetu. Ndani yake watalii hawazunguki kwa magari kama Ruaha au Mikumi; watu hutembea kwa miguu. Makao makuu yako Mang'ula, upande wa chini, ndiyo maana mtu wa Kilolo ambaye anauona mlima ule kila asubuhi hana budi kuuzunguka mlima mzima kwa barabara ili aingie kwa lango lililozoeleka.

Mzunguko huo tuliugeuza kuwa sehemu ya somo, na tunazishauri kamati nazo zifanye hivyo. Kijito cha kijijini kwa familia hii huingia mto Lukosi. Tulipoanza kuteremka mlima Kitonga, pale ambapo malori hulia breki na abiria wengine hufumba macho, tulimwonyesha kijana mto ule kwenye korongo chini ya barabara. Babu akamwambia, "Hayo ni maji uliyoogea juzi." Kijana hakuamini. Tulipofika Ruaha Mbuyuni, kwenye mibuyu na mashamba ya vitunguu, Lukosi unaungana na Ruaha Mkuu, na kutoka hapo maji hayo yanakwenda hadi bwawa la Kidatu. Kituo cha umeme cha Kidatu kilianza kazi mwaka 1975, na kina uwezo wa megawati 204. Hapo tulisimama. Bibi aliuliza kama umeme huo unafika Dar es Salaam. Tukamjibu kwamba unaingia kwenye gridi ya taifa. Akasema, "Basi na mimi nimeuchangia," akacheka. Sisi tulicheka naye, lakini neno hilo tumelibeba hadi kwenye makala hii, na tutalirudia kwa wafadhili huko mbele.

Baada ya Kidatu kuna miwa ya kiwanda cha sukari cha Kilombero pande zote mbili za barabara, reli ya TAZARA, mashamba ya mpunga, na upande wa kulia ukuta wa mlima wenye msitu tangu chini hadi juu. Kijana alikuwa ameuona mlima huo upande wa pili tu. Alidhani ni mwingine.

Maporomoko ya karibu, kwa ajili ya goti la babu

Kamati isiogope kwamba wazee hawawezi kupanda. Kutoka makao makuu ya hifadhi pale Mang'ula kuna njia fupi, kama kilomita moja, inayokwenda kwenye maporomoko madogo yanayoitwa Prince Bernhard. Jina hilo ni la mwanamfalme wa Uholanzi, rais wa kwanza wa shirika la WWF, aliyekuwepo hifadhi ilipozinduliwa mwaka 1992. Babu, ambaye goti lake la kushoto halimsikilizi tena, aliifika kwa fimbo na kwa kupumzika mara tatu.

Kupumzika huko ndiko kulikoleta darasa. Kila alipokaa, alimuuliza mwongoza wageni jina la mti uliokuwa mbele yake, naye akataja jina la kwao. Mkuyu aliutambua mara moja. Mvule hakuwa ameuona ukiwa umesimama. Aliujua kama ubao wa mlango. Mwongozaji ni mzaliwa wa bonde la Kilombero, na babu ni mtu wa milimani, kwa hiyo walishindana kidogo, na kijana akaandika majina yote mawili katika daftari lake, kushoto la bondeni, kulia la milimani. Mwongozaji naye aliomba kunakili. Juu ya miti wakapita mbega wekundu. Huyu ni mbega anayepatikana katika milima ya Udzungwa na misitu ya jirani tu, na katika vitabu vya wataalamu anaitwa pia mbega mwekundu wa Iringa. Kijana alifurahi kwamba mkoa wake una mbega. Babu alisema kwa Wahehe wa zamani ngozi ya mbega haikuwa ya kuchezea, akaanza simulizi refu ambalo hatutaliweka hapa kwa sababu ya nafasi.

Sanje

Siku iliyofuata babu alibaki Mang'ula akinywa chai, na bibi na mjukuu wakaenda Sanje. Maporomoko ya Sanje yana urefu wa mita 170, yakianguka kwa ngazi tatu, na kwenda na kurudi huchukua kama saa nne kwa mwendo wa kawaida. Kwa mwendo wa bibi ilikuwa saa sita. Njia ni ya kupanda, ina mizizi na mawe yenye utelezi. Mahali penye mteremko mkali bibi alimwambia mjukuu wake, "Mume wangu, nishike mkono, nikianguka utabaki mjane." Wengine tulikuwa nyuma tukihema.

Kabla ya kufika kwenye maji, mwongozaji alitusimamisha tusikilize sauti ya kima mmoja anayepatikana Udzungwa peke yake. Wataalamu humwita mangabei wa Sanje, na vitabu vinasema aligunduliwa mwaka 1979. Habari kamili ni kwamba watafiti wawili, Alan Rodgers na Katherine Homewood, walisikia sauti ngeni msituni, na wenyeji walikuwa wakimfahamu mnyama huyo kwa jina la ng'olaga. Hivyo alikuwa mpya kwa vitabu tu.

Mambo ya namna hii yametokea mara nyingi katika milima yetu ya Kusini, na tunaomba kamati zifikiri juu yake. Mwaka 1991 kwale wa Udzungwa, ambaye hakufanana na ndege yeyote aliyejulikana na wataalamu wa Afrika, alianza kutiliwa shaka na watafiti kutoka Denmark baada ya kuona miguu yake ndani ya sufuria. Mtu alikuwa amemwinda, amemnyonyoa na yuko karibu kumla; sayansi ilikuwa bado haijamsikia. Kisha kipunji: wanyakyusa wa mlima Rungwe walikuwa wakimtaja kwa watafiti, na ni mwaka 2003 tu kundi la mtafiti Tim Davenport lilipothibitisha kwamba si hadithi. Mwaka uliofuata kipunji akaonekana pia Ndundulu, upande wetu wa Udzungwa, na mwaka 2005 akatangazwa duniani. Sisi wenye shahada tunapenda kuwaita wazee kwenye semina ili tuwaelimishe. Ni vema kwanza tuwaulize wanachokijua, tena tukiwa na daftari.

Tulipofika kwenye bwawa lililo chini ya poromoko, mvuke wa maji ulitulowesha wote. Kijana alivua shati akaingia majini. Bibi alikaa juu ya jiwe, akachota maji kwa kiganja, akayatazama, akayamwaga, akachota tena.

"Haya maji hayana udongo," alisema. Kisha akamuuliza mwongozaji, "Juu huko analima nani?"

"Hakuna anayelima, bibi. Ni msitu mtupu."

Akanyamaza kwa muda mrefu. Mjukuu alipotoka majini na kukaa karibu naye akitetemeka kwa baridi, akamsimulia kwamba wakati yeye anaolewa, chemchemi ya kwao ilikuwa katikati ya mivengi, na giza lake la mchana watoto waliliogopa. Maji hayakukauka hata mwezi wa kumi na moja. Sasa ifikapo mwezi wa tisa wanafuata maji bonde la pili.

"Nani aliikata mivengi?" kijana akauliza.

"Sisi," bibi akajibu. "Mimi na babu yako. Tulitaka kinyungu. Hicho kinyungu ndicho kilichomsomesha mama yako."

Hatukuongeza neno. Katika miaka yetu yote ya kuandaa semina za vyanzo vya maji, hatujawahi kutoa somo lililofika mbali kama hilo, na lilitolewa kwa sentensi chache, juu ya jiwe, na mtu ambaye hakuwa kwenye orodha ya wakufunzi.

Vinyungu, na mita 60

Kwa marafiki wetu wa nje ya Nyanda za Juu Kusini, tueleze kidogo. Vinyungu ni bustani za mabondeni. Wakati wa kiangazi, shamba la mlimani likiwa limekauka, mtu huteremka kwenye unyevu wa bonde, huchimba mifereji na kuinua matuta, akapanda mahindi, maharage, viazi na mboga. Mahindi mabichi ya vinyungu hufika sokoni wakati ghala ni tupu, na bei yake ni nzuri. Ada ya sekondari ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali ilifutwa kuanzia mwaka 2016, lakini sare, madaftari, michango ya chakula na nauli havikufutwa. Kwa nyumba yenye wazee wawili na mtoto mmoja, kinyungu ndicho benki.

Upande wa pili kuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ambayo inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mito, mabwawa na vyanzo vya asili vya maji. Sheria hii ina sababu zake. Ukifyeka bonde na kulikausha kwa mifereji, sponji inayohifadhi maji ya masika hupotea; mvua inashuka kwa siku moja na udongo wake, na kiangazi mto unabaki mawe. Mikaratusi iliyopandwa kwenye unyevu huongeza shida kwa kunywa maji mengi. (Mianzi ya ulanzi nayo imejaa mabondeni, na inashika udongo vizuri, matumizi yake mengine tutayajadili katika toleo jingine.)

Kijana alirudi nyumbani akataka kujua mita 60 ni umbali gani hasa. Akachukua kamba ya kufungia kuni, akaipima kwa rula ya shule, akaanza kupima kutoka kwenye jicho la chemchemi. Kamba ilikula kinyungu chote, ikavuka njia ya kwenda kwa jirani, ikaishia kwenye banda la nguruwe. Babu alikuwa amekaa kwenye kigoda akimwangalia. Tulipowatembelea baadaye alituonyesha kigingi ambacho mjukuu alikisimika hapo. Kilikuwa bado kimesimama, na nguruwe walikuwa bado bandani. Familia haijaamua. Bibi anataka kurudisha mivengi kuzunguka jicho la maji kwanza na kuacha kinyungu cha chini kwa miaka michache. Babu anasema mtu akishapanda mti hapo hataruhusiwa tena kushika jembe, na mtoto bado hajafika hata sekondari. Wote wawili wana hoja.

Chura na bibi

Hapa tunawageukia wafadhili wetu, kwa upendo na kwa uwazi.

Wengi wenu mmesikia habari za vyura wa Kihansi. Kihansi ni mto unaotoka kwenye mabonde ya Mufindi na Kilolo na kuanguka kwenye korongo kali la Udzungwa kuelekea Kilombero. Katika mvuke wa maporomoko yake, kwenye eneo lisilozidi hekta chache, waliishi vyura wadogo wa rangi ya dhahabu, wasiozidi urefu wa kidole gumba, ambao hawatagi mayai bali huzaa watoto. Waligunduliwa mwaka 1996 wakati mradi wa umeme unaandaliwa. Mitambo ya megawati 180 ilipoanza kazi mwaka 2000, karibu asilimia 90 ya maji ilipitishwa kwenye handaki, na mvuke ukafifia. Yaliwekwa mabomba ya kunyunyizia maji ili kuiga mvuke. Ugonjwa wa ukungu nao ukaingia. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba chura huyo hayupo tena porini. Kwa bahati njema vyura kama 500 walikuwa wamepelekwa Marekani kulelewa. Vizazi vyao vikarudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2010, na kuanzia mwaka 2012 wakaanza kurudishwa korongoni.

Sisi ni miongoni mwa waliofurahi. Watu hutania habari ya chura kupanda ndege, lakini kiumbe ambacho hakipo popote pengine duniani si cha kudharau. Tunachouliza ni hiki. Maji yalipoondolewa kwa chura, yalitafutwa mabomba, fedha, wataalamu na ndege, na watu walivumilia miaka zaidi ya kumi. Bibi anapoambiwa aondoke kwenye kinyungu ili maji hayo hayo yafike mitamboni, mara nyingi anachopata ni barua ya kijiji na tarehe ya mwisho.

Mfano wa namna nyingine upo hapa hapa nchini. Katika milima ya Uluguru, kuanzia mwaka 2006, mashirika ya CARE na WWF yalianzisha mpango ambamo wanaotumia maji huko chini, wakiwemo DAWASCO na kampuni ya Coca-Cola Kwanza, walikubali kuwalipa wakulima wa juu waliobadilisha kilimo ili mto Ruvu upate maji safi. Ulikuwa na ugumu wake, na malipo hayakuwa makubwa. Lakini ulikiri kile alichosema bibi pale Kidatu: na mimi nimeuchangia.

Kwa familia kama hii hesabu si ngumu. Parachichi la kubebeshwa huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi, na udongo wa Kilolo unalikubali, kama wengi mnavyojua kutokana na magari yanayolifuata siku hizi. Miche thelathini juu ya banda la nguruwe inaweza kuja kuchukua nafasi ya kinyungu. Shida iko katika miaka hiyo mitatu ya kusubiri. Miche tumekuwa tukiigawa. Miaka ya kusubiri hatujawahi kuiweka kwenye bajeti, wala hatujawahi kuombwa na mfadhili tuiweke. Mzee wa miaka 70 hawezi kukopa miaka mitatu. Tunapendekeza kwamba andiko lolote la mradi wa vyanzo vya maji litakalotoka katika sharika zetu liwe na kifungu cha kuihudumia nyumba ya wazee katika kipindi hicho, sare na michango ya mtoto ikiwa ndani yake, hata kama itabidi idadi ya miche ipungue. Afadhali miche michache inayomwagiliwa kuliko elfu kumi kwenye taarifa.

Kuna somo pia kutoka hifadhini kwenyewe. Kwa miaka mingi baada ya mwaka 1992 akina mama wa vijiji vya chini ya Udzungwa waliruhusiwa kuingia kuokota kuni kavu kwa siku maalumu. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ilisitishwa. Nyumba zilizokuwa tayari na miti yao ya kuni na majiko yanayotumia kuni kidogo zilipata nafuu. Zilizosubiri tarehe zilihangaika. Mita 60 nazo zina tarehe, ingawa haijaandikwa.

Ya kujadili, na maandalizi ya safari

Kamati zikikaa, zianze na ramani ya mkono: kijito chetu kinaingia mto gani, na mto huo unakwenda wapi? Wazee waichore, watoto waandike majina. Kisha waulizwe wazee, bila kulaumiwa, miti gani ilikuwa kwenye chemchemi walipokuwa na umri wa mjukuu, na iliondoka kwa ajili ya nini. Jibu la swali hilo la pili litaonyesha kitu gani kinapaswa kupatikana badala yake. Wenyeji wa Njombe wanaweza kueleza jinsi miiko ilivyoutunza msitu wa Nyumba Nitu. Si lazima mtu akubaliane na miiko yote ili akubali kwamba msitu upo.

Kuhusu safari yenyewe, miezi ya Juni hadi Oktoba ndiyo mizuri, kwa sababu masika njia ya Sanje huteleza sana. Raia hulipa kiingilio kwa shilingi na watoto hulipa pungufu. Viwango viulizwe ofisi ya hifadhi Mang'ula mapema, pamoja na mwongozaji, kwani bila yeye hamtapanda. Tengeni siku tatu au nne, msifanye haraka. Wazee wapewe viti vya mbele kwenye gari. Viatu vya raba vinatosha, kandambili hapana. Kila mtoto awe na daftari na penseli, kwa sababu kalamu ya wino huharibika kwenye mvuke. Bibi anayehema asiharakishwe.

Usharika utakaotaka kwenda msimu ujao utuletee orodha ya majina ofisini, na tunaomba kila mstari uwe na majina mawili, la mzee na la mjukuu wake. Tukipokea orodha yenye watoto peke yao tutairudisha.